Kabla ya Kuanguka

Baba hakuteleza. Nalisema hili mapema kwa sababu kila aliyekuja kutupa pole aliuliza kama uwanja ulikuwa na matope, nami kwa siku nyingi niliitikia kwamba ndiyo, mvua ilikuwa imenyesha. Ilikuwa Februari 2022, alfajiri, nyumbani kwangu Mikumi. Baba alikuwa amesimama barazani, kwenye sakafu kavu, birika la kutawadhia mkononi. Aligeuka aniambie kitu. Nikasikia mlio kama wa ukuni unaovunjwa gotini, kisha ndipo akaanguka. Mlio ulitangulia.

Baba ni mtu wa Kilosa. Alifanya kazi kwenye genge la reli, kwenye njia ile itokayo Kilosa kwenda Kidatu, akabadilisha mataruma na kukaza bolti hadi alipostaafu. Mwaka 2012 nyonga yake ya kulia ilikuwa imekwisha kabisa, mfupa unasagana na mfupa, akawekewa nyonga bandia Dar es Salaam. Baada ya miezi mitatu alikuwa anatembea bila fimbo. Aliswali akiwa juu ya kiti, kama alivyoelekezwa, lakini msikitini alikwenda kwa miguu yake.

Kati ya Kilosa na Mikumi kuna kijiji kinaitwa Ulaya. Kila baba alipokuja kunitembelea alishuka kwenye gari akiwa na vumbi hadi kwenye kope na mzaha uleule: "Nyonga yangu imenikumbusha kwao. Tumepita Ulaya." Wateja wangu, madereva wa malori ya Zambia na utingo wao wanaokula kwenye mgahawa wangu kando ya barabara kuu, walishaujua mzaha huo, na walicheka hata hivyo.

Asubuhi ile hakukuwa na mzaha. Paja lilikuwa limejikunja mahali pasipo na kiungo. Vijana wawili wa malori walimbeba juu ya ubao wa meza yangu hadi kwenye gari.

Katika hospitali ya hapa Mikumi walimpiga eksirei. Daktari kijana aliinua picha kuelekea dirishani. Kwa mara ya kwanza nikaona kile baba alichokuwa anatembea nacho kwa miaka kumi: kikombe kwenye nyonga, tufe ndani ya kikombe, na shina la chuma lililoshuka ndani ya mfupa wa paja kama mpini ulioingizwa kwenye jembe. Mfupa ulikuwa umepasuka kuzunguka shina hilo, ufa ukashuka kwa mshazari hadi karibu na ncha yake ya chini.

Nilimwambia daktari kwamba jirani yangu, kijana wa bodaboda, alivunjika paja, akawekewa msumari, na leo anaendesha. Nilidhani namrahisishia kazi. Alinieleza kwa upole kwamba msumari wa jirani yangu hupita ndani ya uwazi wa mfupa. Msumari wa aina hiyo unaotumika sana Tanzania umetoka kwa daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, ambaye shirika lake, SIGN, lilianzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya hospitali ambazo hazina mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Umesimamisha watu wengi. "Lakini kwa mzee," alisema, "pale msumari ungepita pameshachukuliwa."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Tiba ya kwanza ilikuwa imeziba njia ya tiba ya pili. Mfupa wa paja ambao haujawahi kuguswa, hata wa maskini, una dawa inayojulikana. Mfupa ambao umeshatibiwa unahitaji fundi wa aina nyingine, vyuma vya aina nyingine na fedha ya aina nyingine.

Mjomba alikuja kutoka Kilosa mchana uleule. Yeye aliona jambo liko wazi. Milimani kuna mzee anayeunga mifupa kwa vijiti vya mianzi na mafuta, ameunga watu wetu tangu zamani. "Huko Dar mtauza hadi sufuria," aliniambia, "na mzee ana miaka sabini na mmoja." Sikumdharau. Mifupa mingi huunga ikinyooshwa na kutulizwa, na wapo watu katika ukoo wetu wanaotembea kwa sababu ya wazee kama yule. Ila mzee wa milimani angefunga mianzi nje, na ndani kungekuwa na chuma ambacho hakuna aliyejua kama bado kimeshika. Nilisema tunakwenda Dar. Mjomba akasema, "Wewe ndiye mwenye mgahawa," akachukua kofia yake.

Mguu ulifungwa kwenye kifaa cha chuma cha kuunyoosha, tukapewa rufaa na gari la wagonjwa. Barabara ya kutoka Mikumi kwenda Morogoro inakatiza hifadhi ya taifa kwa takriban kilomita hamsini, na kuna matuta ya kupunguza mwendo ili wanyama wavuke salama. Kuna na vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, twiga kiasi chake, nyati kiasi chake. Nimepita pale miaka yote bila kuyahesabu matuta. Siku ile niliyahesabu kwa pumzi ya baba. Dereva alipunguza mwendo hadi gari likawa linatambaa, na bado kila tuta lilimtoa baba mlio mdogo ambao sikuwahi kuusikia kwake, hata mama alipofariki.

Kwenye hospitali tuliyopelekwa Dar es Salaam, mguu wake ulivutwa kwa uzito ulioning'inizwa mwisho wa kitanda. Siku ya pili tulielezwa mpango: bamba refu la chuma kwa nje ya mfupa, skrubu chini, na nyaya za chuma za kuzungushia pale juu ambapo shina linazuia skrubu kupenya. Bei ilitajwa. Nilikwenda nje, nikakaa kwenye ngazi, nikapiga simu kwa mtu aliyekuwa akikitaka kiwanja changu, kile kilichoko njia ya kwenda Ifakara. Kingetosha, na chenji ingebaki.

Siku ya nne, wakati madaktari wanapita wodini, alikuja bingwa mwingine, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko wenzake. Kisha akaiweka chini, akamsogelea baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

"Nikuulize kitu. Kabla ya kuanguka, paja lilikuwa linauma?"

"Hapana," alisema baba.

"Hata ukiinuka kwenye kiti? Hatua za kwanza?"

"Hapana, daktari. Nilikuwa mzima."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nikakitazama.

Daktari hakuondoka. Alichukua karatasi akachora paja, na ndani yake shina. Alisema mvunjiko unaozunguka nyonga bandia hupangwa kwa herufi. Mpango huo unaitwa wa Vancouver, mji wa Kanada walikofanya kazi madaktari Clive Duncan na Bassam Masri, waliouchapisha mwaka 1995. A ni pale juu kabisa, kwenye vichuguu vya mfupa. C ni chini, mbali na shina, na huko unatibu kama mvunjiko mwingine wowote. B ni pale shina lilipo, na B ndiyo yenye mtego. Shina likiwa bado limeshika mfupa, ni B1: funga bamba, zungusha nyaya, mfupa utaunga. Shina likiwa limelegea, ni B2: bamba peke yake halitoshi, lazima shina la zamani litoke, liingie jipya lililo refu. Likiwa limelegea na mfupa wenyewe umeliwa, ni B3, na hapo kazi ni kubwa zaidi.

"Picha yake inaweza kunidanganya," alisema. "Nikifunga bamba kwenye shina lililolegea, baada ya miezi michache bamba linavunjika au linang'oka, na mzee anarudi hapa akiwa dhaifu zaidi. Kosa la kawaida katika kazi hii ni kuidhania B2 kuwa B1. Ndiyo maana nauliza habari za kabla ya kuanguka."

Baba aliitazama ile karatasi. Kisha, kwa sababu amekuwa mtu wa reli maisha yake yote, hakuweza kunyamaza. "Ni kama reli," alisema. "Reli ikikatika, kijana mgeni anakimbilia kukaza vile vyuma vya kuungia. Nyapara anauliza kwanza: taruma chini limeshika? Ukikaza juu na chini kunacheza, treni ya kwanza tu inakurudishia kazi."

Daktari alicheka. "Basi mzee wangu, wewe mwenyewe unajua kwa nini nimekuuliza."

Baba akageuza uso akatazama ukuta.

Mwezi Novemba, miezi mitatu kabla ya siku ile, alinipigia simu jioni. Mgahawa ulikuwa umejaa. Alisema akiinuka kwenye kiti paja linamchoma, katikati, siyo kwenye nyonga. Hatua tano sita, kisha linaachia. Nilikuwa namhesabia mteja chenji. Nilimwambia, "Ni uzee, Baba. Mwambie Shangazi akununulie diklofenaki." Mwezi Desemba shangazi mwenyewe aliniambia kwamba baba siku hizi akienda msikitini husimama mara tatu njiani, anajifanya anasalimia watu. Nilicheka. Nikasema mzee wenu amekuwa mwanasiasa.

Pale wodini nilikuwa na sababu mbili za kunyamaza. Ya kwanza ilikuwa kiwanja: bamba lilikuwa na bei yake na kiwanja kilitosha. Shina jipya lingekuwa na bei nyingine. Ya pili ni kwamba kusema ukweli kulikuwa ni kujisema mimi.

"Lilikuwa linauma," nilisema. "Tangu Novemba. Aliniambia."

Baba hakugeuka. Daktari aliniuliza maswali sita au saba: linauma wapi, wakati gani, kulikuwa na homa, kidonda kilikuwa kinatoa maji? Nilijibu yote. Akaandika. Alisema maumivu ya paja ya hatua za kwanza, yanayopungua ukishaanza kwenda, ni lugha ya shina lililolegea. Akaeleza na sababu inayowezekana. Katika nyonga nyingi bandia tufe linazunguka ndani ya plastiki ngumu, kama alivyofanya Mwingereza John Charnley pale Wrightington kuanzia mwaka 1962, upasuaji ambao nyonga za leo zimezaliwa kwake. Kwa miaka mingi plastiki hiyo husagika kidogokidogo. Vumbi lake halionekani kwa macho, lakini mwili huliona kama adui, na katika kupambana nalo mwili hula mfupa wake wenyewe, pembeni ya chuma. Chuma kinabaki kizima. Kinachoondoka ni kile kilichokishika.

"Mliambiwa mrudi kliniki kila mwaka?" aliuliza.

Tuliambiwa. Tulirudi mwaka 2013 na 2014. Baada ya hapo baba alikuwa haumwi, nauli ilikuwa nauli, na nani anasafiri kutoka Kilosa kwenda Dar kumwambia daktari kwamba hana tatizo? Nilimjibu hivyohivyo. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba kule Sweden kila nyonga bandia inaandikwa kwenye daftari la taifa tangu mwaka 1979, na hata jirani zetu Malawi walianza daftari lao mwaka 2005, kwa sababu nyonga hizi hulegea kimyakimya na mgonjwa ndiye wa mwisho kuamini.

Kisha akaomba karatasi za upasuaji wa kwanza. Shina lilikuwa linatoka, lakini kikombe kwenye picha kilionekana bado kimeshika. Kama kitabaki, tufe jipya lazima lilingane nacho kwa milimita, na tufe hilo lazima likae sawasawa kwenye shingo ya shina jipya. Bila karatasi wangelazimika kuagiza vifaa vya saizi nyingi kwa kubahatisha, au kukibomoa na kikombe kizima.

Hapa ndipo mafuriko ya Kilosa yalipotusaidia. Mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukachukua nyumba na tuta la reli, na ukachukua vyeti vyote vya baba. Tangu hapo kila karatasi yake anaifunga kwenye nailoni mara mbili na kuiweka kwenye sanduku la bati, na sanduku linakaa juu ya kabati. Kaka yangu alipanda basi Kilosa usiku. Asubuhi alimkabidhi daktari ile nailoni. Ndani, nyuma ya karatasi ya ruhusa ya mwaka 2012, kulikuwa na stika nne ndogo zenye namba. Daktari alivaa miwani akasoma: kikombe, plastiki, tufe la milimita 28, shina na saizi yake. Alizipiga picha kwa simu. "Mzee," alisema, "hii karatasi imekuokolea saa nzima mezani." Hiyo ndiyo mara pekee baba alitabasamu wiki ile.

Bei mpya ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Kiwanja kilikwenda, na friji kubwa la mgahawa likakifuata. Mjomba, yule aliyeondoka na kofia yake, alituma fedha ya mbuzi wawili bila kusema neno. Kaka yangu na utingo mmoja aliyekuwa akipita Dar walitoa damu. Shina lililoagizwa lilichukua siku kumi na sita kufika. Siku hizo zote baba alilala chali, mguu umevutwa, na kazi yangu ilikuwa kumsogeza kidogo kila baada ya saa mbili ili mgongo usiote vidonda, kumhimiza apumue kwa nguvu ili kifua kisijae, na kumchezesha kidole kwa kidole. Wauguzi walisema wazee wengi hawauliwi na mfupa. Wanauliwa na kulala.

Katika siku ya tisa au ya kumi nilimuuliza kwa nini alimdanganya daktari.

"Mama," alisema, ndivyo anavyoniita, "mimi nilijua. Tangu huko Kilosa nilijua kuna kitu kinacheza mle ndani. Nimekaa na vyuma miaka thelathini. Nilijua wakisikia linauma watasema wabadilishe. Na kubadilisha ni kiwanja chako."

"Kwa hiyo ungeacha wafunge bamba?"

"Lingenifikisha nilipobakiza."

Sikuwa na la kusema. Kila mmoja wetu alikuwa amenyamaza kwa ajili ya kiwanja kilekile, yeye ili kisiuzwe, mimi ili kitoshe.

Upasuaji ulichukua zaidi ya saa nne. Baadaye daktari alinieleza alichokikuta. Alifuata ufa uleule, akaufungua mfupa kama ganda, na shina la zamani likatoka kwa mkono, bila nyundo, kama panga kwenye ala. Lilikuwa limelegea kabisa. Alichukua vipande vya nyama kutoka sehemu tofauti vikapimwe, kwa sababu mara nyingine kinacholegeza shina ni wadudu, na ukiweka chuma kipya juu ya wadudu umepanda shamba lao. Vipimo vilirudi safi. Shina jipya lilikuwa refu, limechongoka kuelekea chini, lina matuta membamba ubavuni ya kuuma mfupa mzima. Kanuni, alisema, ni lipite chini ya mvunjiko kwa angalau mara mbili ya unene wa mfupa, ili mzigo ubebwe na mahali ambapo hapajaumia. Kisha vipande vya mfupa vilirudishwa kuzunguka shina na kufungwa kwa nyaya tatu. Kikombe kilibaki. Tufe la milimita 28 liliingia.

Siku ya tatu alikalishwa. Siku ya tano alisimama kwa fremu, mguu wa kulia ukigusa sakafu tu bila kubeba uzito. Wiki nyingi zilifuata za kugusa bila kukanyaga, kisha kukanyaga nusu, na kila mara picha. Mfupa wa mtu wa miaka sabini na mmoja hauna haraka. Mwezi wa tano ufa ulikuwa umejaa ukungu mweupe kwenye eksirei. Fundi wa mazoezi alisema ukungu huo ni mfupa mpya.

Baba hakurudi alivyokuwa. Mguu wa kulia umepungua kidogo, ana kisigino cha kuongeza kwenye kiatu, na fimbo haimtoki. Safari ya kupitia Ulaya ameiacha. Mimi ndiye ninayepita Ulaya sasa kwenda kwake, na wateja wangu wamebaki na mzaha ambao hawana wa kuwachekesha nao.

Kliniki tunakwenda kila mwaka. Tangu treni ya umeme ilipoanza mwaka 2024 tunapandia Kilosa, naye hukaa dirishani akihukumu tuta la reli kwa sauti, kazi nzuri hapa, pale sijui. Ile nailoni huwa mapajani pake. Sasa ina stika za nyonga mbili.

Safari ya mwisho, yule daktari mwenye miwani alimuuliza swali lake. Paja linauma?

Baba alinitazama kwanza mimi. Kisha akasema, "Asubuhi kidogo, nikiwa nimekaa sana. Juu hapa, siyo katikati." Akaonyesha kwa kidole. Daktari akaandika, akatutuma tukapige picha.